Friji Iliyokosea Nyumba

Ndugu zangu wa Kaloleni, tangu nirudi mmeniuliza maswali mengi kuliko askari wa barabarani. Nilichelewa wapi, kwa nini viganja vimechubuka, na je, ni kweli kwamba niliwasha friji kwa feni. Nimeshasimulia mara tano, na kila mara mnanikatiza kwa kicheko kabla sijafika mwisho. Kwa hiyo nimeandika. Mambo ya risiti na karatasi nimeyaruka. Mtaona wenyewe kwamba huyu Hamisi wenu, mnayemwita injinia mnapotaka kuazima koleo, hakurudi na sifa zote alizoondoka nazo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwalimu mmoja wa Nairobi, jina lake Ouma, alitaka baba yake awekewe umeme wa jua na upepo kisiwani Rusinga, mahali ambapo nguzo za stima hazijafika. Baba yake, Mzee Ogada, ana kisukari na hujidunga insulini kila siku. Dawa hiyo haitaki joto. Mara mbili iliharibika, na mara mbili mzee akaanguka shambani. Ouma akakata shauri: Jumamosi angekuja na gari. Akikuta friji inafanya kazi vizuri, mzee atabaki kwake. La sivyo, atambeba akaishi naye Nairobi, ghorofa ya tatu. Mzee alituma jibu moja tu, kwamba bado hajaona mtu anayefuga mbuzi ghorofani.

Mfumo mzima niliuchora nikiwa hapa hapa Kisumu, kwenye meza ya mama yangu, nikifuata barua ya Ouma na ramani ndogo ya boma aliyoichora kwa kalamu. Paneli mbili za kula jua mchana. Feni moja ya upepo ya kuendelea na kazi jua likizama. Betri nne, taa tatu, na friji ndogo ya volti kumi na mbili, ile inayofunguliwa kwa juu. Barua ilisema: "Friji na betri ziwe nyumba kubwa." Nikatazama ramani. Kulikuwa na nyumba ndefu ya mabati yenye vyumba vinne, kijumba cha nyasi, na jiko. Sikuona haja ya kuuliza. Mtu mwenye rula mkononi haulizi.

Jambo moja lazima mlielewe, maana ndilo lililonitoa jasho baadaye. Umeme wa volti kumi na mbili hauwezi safari ndefu. Ukiupitisha kwenye waya mrefu unafika umechoka, taa inakuwa kama njiti ya kiberiti na friji inakataa kabisa kuwaka. Ndiyo maana betri hukaa karibu na friji, na waya hununuliwa kwa kipimo. Nilinunua kwa kipimo. Sikununua hata shibiri moja ya ziada, na nilijisifu dukani kwa hilo.

Lori la barafu

Jumatatu asubuhi nilipata nafasi kwenye lori linalokwenda Luanda Kotieno kuchukua samaki. Linakwenda na barafu, linarudi na samaki. Nililipenda kwa sababu nilikuwa nimebeba thamosi yenye insulini ya mzee ya miezi miwili, nimekabidhiwa mkononi na kuambiwa isipate moto wala isigande. Niliipakata safari nzima kama mtoto mchanga.

Dereva alikuwa mtu wa watu. Alisimama kusalimia, alisimama kupeleka barua, alisimama kutazama ng'ombe ambaye hakuwa na mpango wa kumnunua. Tulipofika Ndori jua lilikuwa limekaza, akasema lazima ale. Tukaingia hoteli ya mama mmoja mnene mwenye sauti ya kwaya. Ugali, samaki ngege wa kuchemsha, sukuma wiki. Nilikula kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa kwenye thamosi, mpaka pilipili iliponipalia na nikalazimika kuiachilia nitafute maji.

Nilipogeuka, mama ameshafungua kifuniko, na birika la chai liko hewani.

Niliruka nikamshika mkono. Chai ilimwagika mezani, kwenye ugali wa dereva na kwenye suruali yangu.

"Nilikuwa nakuwekea ya njia," akasema mama, hata hakukasirika.

"Hiyo ni dawa, Mama."

"Dawa gani inakaa kwa chupa ya chai?"

"Ya mgonjwa. Inataka baridi."

Akachungulia ndani, akaona vipande vya barafu, akafunga polepole kwa mikono miwili. "Pole sana, Fundi. Mimi vile umeikumbatia, nilifikiri wewe ni mtu ya pombe."

Dereva alikula ugali wake wa chai hivyo hivyo. Kuanzia hapo hakusimama tena njiani, na nadhani alifanya hivyo ili aachane nami haraka.

Luanda Kotieno, tukingoja upepo

Ziwa halikuwepo. Nasema kweli. Palipotakiwa kuwa na maji kulikuwa na shamba la kijani lenye maua ya zambarau mpaka macho yanapofika. Ni yale magugu maji mnayoyajua, yameziba ufuo mzima, na maboti yamekwama ndani yake. Feri nayo haikuwa imeonekana. Mwenye boti ya injini niliyeelekezwa, Okumu, alikuwa amelala ndani ya boti yake, kofia usoni.

"Tutavuka saa ngapi?" nikamuuliza.

"Upepo ikikuja. Ikisukuma hii takataka, tunavuka."

"Na upepo utakuja saa ngapi?"

Akainua kofia anitazame vizuri. Mimi niliyekuja na mashine ya upepo, mwenye daftari lenye hesabu za upepo wa ziwa hili, ndiye nilikuwa nauliza.

Upepo haukuja siku hiyo. Dereva wa lori, Mungu ambariki, aliniongezea barafu kwenye thamosi kabla hajaondoka, barafu yenye harufu ya samaki mbuta, na kina mama wauza samaki wakanipa mahali pa kulala penye kivuli cha nyavu. Wakati wa kungoja walipekua mizigo yangu kwa macho. Paneli walizidhania vioo vya saluni. Mmoja alijitazama, akarekebisha kitambaa, akasema kioo hiki kinamfanya mtu kuwa mweusi mno. Feni ndiyo iliyomsumbua Okumu.

"Hii inapepea nani?"

"Haipepei mtu. Upepo unaizungusha, yenyewe inatoa stima."

"Kwa hivyo feni ndiyo inapepewa."

"Ndiyo."

"Na upepo ikikosa, kama leo?"

"Kuna jua."

"Na jua ikikosa?"

"Kuna betri. Nimepiga hesabu ya siku tatu."

Akafikiri. "Sawa. Mimi pia niko na injini, na injini ikikosa niko na kasia. Tofauti yetu ni kwamba mimi sikuenda shule ya hii mambo."

Upepo ulikuja Jumanne kama saa nne asubuhi. Magugu yakasogea yote kwa pamoja na njia ya maji ikafunguka. Katikati ya mkondo injini ikakohoa na kuzima.  Okumu alinipa kasia moja, akachukua la pili, na hapo ndipo viganja vyangu vilipochubukia. Sasa mmejua.

Mbita, na tuta la kwenda Rusinga

Mbita nilikodi mkokoteni. Ukivuka tuta la mawe linalounganisha Mbita na kisiwa, barabara ni vumbi na mawe. Mwenye mkokoteni alipita kila jiwe kwa uaminifu, nami nikitembea kando nimeshika kioo cha paneli kwa mkono mmoja na thamosi kwa wa pili. Niliapa kwamba nikifika na vyote vizima nitaacha kujisifu. Nilifika na vyote vizima.

Mzee Ogada alinipokea langoni. Ni mrefu, mkavu, ana miwani iliyofungwa kwa uzi. Nyuma yake walisimama wake zake wawili. Mama Dorina, mkubwa, mama yake Ouma, ni mfupi na hasemi sana. Mama Risper, mke mdogo, ni mcheshi na anajua kila kitu kilichotokea Mbita wiki ile. Nikamkabidhi mzee thamosi. Akaifungua, akanusa, akauliza kama wametia samaki. Nikamweleza. Akampa Mama Dorina, naye akaingia nayo katika kile kijumba cha nyasi na kuzika chupa za dawa ndani ya mtungi wa udongo wenye maji.

"Kesho itakaa kwa friji," nikamwambia kwa majivuno.

Mama Dorina akatikisa kichwa akitabasamu. Lilikuwa tabasamu la mwisho kuliona kwake kwa siku mbili.

Nyumba ya mabati

Jumatano nilifanya kazi kama mtu anayetazamwa, maana nilikuwa natazamwa. Paneli zikapanda juu ya mabati ya nyumba ndefu, nikaziinamisha kidogo upande wa kaskazini mvua izioshe. Feni ikapanda juu ya mti wa mkaratusi kando yake. Betri nikazipanga chumba cha kati, friji pembeni. Waya ulitosha mpaka inchi ya mwisho. Nilipowasha, friji ikaguna na kuanza kunong'ona, na majirani waliokuja kutazama wakapiga makofi.

Mzee alisema asante. Mama Risper, ambaye nyumba ile ilikuwa yake, hakusema kitu, jambo ambalo lilipaswa kunishtua. Mama Dorina hakuwepo. Nilimwona mbali, anapepeta mtama na mgongo wake umetugeukia.

"Leteni dawa," nikasema.

"Itakuja," akasema mzee.

Haikuja. Jioni haikuja. Alhamisi asubuhi nilifungua friji nikakuta chupa yangu ya maji peke yake. Jambo la pili nililolikuta ni kwamba betri zilikuwa zimechoka, sindano ya mita imelala chini, na friji imenyamaza. Nikalaumu mawingu. Hayakuwepo. Nikalaumu feni, ambayo ilikuwa inazunguka hata wakati ule. Nikakagua kila unganisho, nikapanda juu ya mabati nikashuka, nikarudia hesabu zote daftarini, na kila mara hesabu zikasema kwamba mimi ni hodari.

Mchana nilikaa kwenye kile chumba cha kati nikitokwa jasho. Hapo Mama Risper akaingia na uji, akasimama akinitazama.

"Fundi, unachoma ndani ya hii nyumba kama mandazi."

"Ni joto kidogo, Mama."

"Kila siku ni hivi. Bati. Hata siagi inageuka mafuta." Akaweka uji chini. Kisha akasema, sauti imeshuka, "Hii kitu ilipotea njia. Mimi siwezi fungua. Siwezi washa. Haikuwa iingie hapa kwanza."

"Lakini barua ilisema nyumba kubwa."

Mama Risper akanitazama kwa huruma ambayo sijaisahau. "Na nani alikwambia hii ndiyo nyumba kubwa?"

Ndugu zangu, nyinyi mnanijua. Mnajua nilizaliwa wapi. Baba yangu alikuwa na wake wawili hapo hapo Kaloleni, milango miwili ya safu moja. Nyumba za kaunsili zote zina ukubwa mmoja, tofali kwa tofali. Hata hivyo, tangu nianze kutembea nilitumwa: peleka nyama nyumba kubwa kwanza, peleka hii barua nyumba kubwa. Na nyumba kubwa ilikuwa kwa Mama Mkubwa, mke wa kwanza wa baba. Mimi ni mtoto wa nyumba ndogo. Katika mafundi wote wa Kisumu, kama kuna mmoja asiyepaswa kupima neno hilo kwa rula, ni mimi.

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nikauliza kwa nini hawakuniambia tangu jana.

"Wewe ni mgeni," akasema. "Na tulifikiri ni Ouma amesema hivyo. Mama Dorina anafikiri kijana yake, ya tumbo yake, amempita. Hajakula tangu jana."

Kuhama

Nilikwenda kwenye kijumba cha nyasi nikiwa na barua mkononi. Mama Dorina alikuwa amekaa mlangoni, mtungi wa dawa nyuma yake. Mzee Ogada alikuwa amekaa naye. Nikamwambia kwamba kosa ni langu, kwamba mimi ni mjinga wa kwanza kuvuka tuta lile na paneli. Sikuwa na Dholuo ya kutosha, naye Kiswahili chake ni kidogo, kwa hiyo nikamsomea tu. "Friji na betri ziwe nyumba kubwa."

Akanyoosha kidole. "Soma tena."

Nikasoma tena.

"Ni mkono ya Ouma?"

Mzee akaichukua barua, akaisogeza karibu na miwani yake. "Ni yake," akasema. "Hata vile ameandika 'kubwa' na mkia mrefu."

Mama Dorina akaishika barua ile ingawa hajui kusoma, akaipangusa gotini mwake kana kwamba ina vumbi, akaikunja na kuitia kifuani. Kisha akaanza kucheka. Alicheka hadi akaegemea ukuta, na mzee naye akaanza, nami nikakaa chini kwenye vumbi nikacheka nao. Akasema neno kwa Dholuo na mzee akalitafsiri: "Anasema Fundi anajua stima, lakini hajui nyumba."

Ijumaa tukahama. Mama Risper mwenyewe alibeba upande mmoja wa friji. Paa la nyasi haliwezi kubeba paneli, kwa hiyo majirani wakasimika magogo manne mbele ya kijumba, tukazifunga hapo juu. Mkaratusi ukabaki mbali, waya wangu wa kujisifu haukufika, na feni tukaishusha tukaipandisha juu ya mlingoti mrefu wa mtumbwi wa zamani. Betri zikaingia ndani, friji kando yake, waya wote mfupi kama kamba ya kiatu. Taa ya kwanza ikawaka kwa Mama Dorina. Zile nyingine mbili zikapelekwa kwa Mama Risper kwa waya uliobaki, zikawa hafifu kidogo, naye akasema zinamtosha, ni taa, si kesi.

Na sasa sikilizeni aibu ya pili. Ndani ya kijumba cha nyasi mlikuwa na ubaridi. Friji iliguna kidogo, ikanyamaza muda mrefu, ikaguna tena. Kule kwenye mabati haikuwa imenyamaza hata dakika moja. Ilikuwa inapigana na joto la paa mchana kutwa, ndiyo maana betri ziliisha. Katika hesabu zangu zote nilipima jua, nikapima upepo, nikapima waya, na sikupima joto la chumba. Nyumba niliyoidharau kwa udogo ndiyo iliyokuwa sahihi, kwa mila na kwa stima pia. Kama ningejua kusoma barua, ningekuwa injinia.

Mzee alileta dawa mwenyewe, chupa moja moja, akazipanga. Akafunga, akafungua, akaweka kiganja ndani. "Baridi," akasema, akafunga tena.

Ouma alifika Jumamosi kabla ya saa sita, na gari likiwa na nafasi ya nyuma iliyotandikwa blanketi. Hakunisalimia hata. Aliingia moja kwa moja kwenye nyumba ya mama yake, akafungua friji, akatoa kipimajoto mfukoni, akakiweka ndani, akakaa kwenye kiti akingoja. Sote tulingoja. Mama Dorina alimpa chai, akaketi karibu naye, akatoa ile barua kifuani na kuiweka gotini mwa mwanawe. Ouma akakitoa kipimajoto, akakisoma, akakisoma tena. Kisha akatoka nje, akachukua lile blanketi kwenye gari na kulileta ndani.

"Kaeni nalo, Baba," akasema. "Huku kunakuwa na baridi jioni."

Mzee alipokea blanketi. Akauliza kama Ouma angependa kwenda kuwaona mbuzi.

Kaloleni

Safari ya kurudi haikuwa na vituko, au nilikuwa nimechoka kuviona. Mama Dorina alinifungia samaki waliopasuliwa na kukaushwa juani, furushi zima, na Okumu alinivusha akiniuliza kama feni imeacha kupepewa.

Niliingia mtaani Jumapili alasiri. Mliniona nikipita na furushi, baadhi yenu mliniita. Mama yangu alikuwa mlangoni, akanyoosha mikono apokee samaki. Nikamwambia, "Ngoja kidogo, Mama." Nikampita.

Tangu tumzike baba sikuwa nimeukanyaga mlango wa Mama Mkubwa. Hakukuwa na ugomvi. Niliacha tu kwenda, siku moja, kisha mwaka, kisha miaka. Nyumba ya mama yangu nimeifunga waya mpya mara mbili. Nilimkuta Mama Mkubwa amekaa karibu na dirisha anachambua mchele kwa mwanga wa nje, maana swichi yake imekufa, na hakuwa amemwambia mtu.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba." Akanitazama, kisha furushi. "Umepotea, Hamisi."

"Nimepotea, Mama."

Akafungua samaki, akawagawa mafungu mawili sawasawa kwa mikono yake. Moja akalifunga tena. "Hili mpelekee mama yako," akasema.

Nilitoa bisibisi, nikafungua ile swichi. Ilikuwa waya mmoja tu umechomoka. Nilipomaliza nikatoka na fungu la mama, nikahesabu hatua nikienda, mazoea ya kazi. Kutoka mlango hadi mlango ni hatua kumi na mbili.